Namba ya Mama

Mama Ruthu Mazengo alikuwa mkunga mjini Dodoma kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kwa ajili ya kazi hiyo alifungiwa simu ya mezani nyumbani kwake Makole, enzi ambazo simu ya nyumbani ilikuwa kitu cha wakubwa. Alipostaafu hakuirudisha. Alisema yuko tayari kula mlenda mwaka mzima lakini bili ya simu atailipa, maana bado wapo wanawake wanaomtafuta uchungu ukiwashika. Mwanawe wa mwisho, Sila, aliijua namba ile kwa kichwa kabla hajajua kusoma, na alipoondoka kwenda kusoma Marekani mwaka 1999 hakuhitaji kuiandika popote.

Mambo ya Sila huko hayakunyooka. Kibali chake cha kukaa kiliisha, akabaki mjini Houston bila makaratasi, akifanya kazi ya usiku na kungoja wakili amtengenezee njia. Mama yake alilijua hilo. Alijua pia kwamba mtu wa namna hiyo akitoka nje ya nchi ile, harudi tena.

Mwanzoni Sila alipiga simu kwa nadra, na kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Halafu zikaja simu za intaneti. Akawa ananunua dakika kwenye kompyuta, anavaa vifaa vya masikioni, anaongea na mama yake kila Jumapili akitoka kazini, kwake asubuhi, Dodoma jioni. Kupiga namba ya mezani kulikuwa rahisi mno kwake. Kupiga simu ya mkononi ya Tanzania kwa njia hiyohiyo kulikuwa ghali, kwa hiyo hakupata hata kuuliza kama dada yake ana simu ya mkononi.

Dada yake aliitwa Dorothea. Alikuwa karani katika chuo cha serikali cha Hombolo, nje ya mji, na aliishi hukohuko na mumewe Petro, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yao Aneth. Mwishoni mwa mwaka 2003, presha ilipomlaza mama yao, Dorothea ndiye aliyekaa kando ya kitanda hospitalini. Siku moja mchana mama alimshika mkono akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi dukani:

"Nikifa, Sila asiambiwe."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu namjua. Akiambiwa atapanda ndege siku hiyohiyo, na akija, mlango umefungwa nyuma yake. Mwache apate makaratasi yake kwanza. Akishapata, mwambie, aje alie vizuri."

Dorothea aliahidi. Mama alifariki kabla ya Krismasi, wakamzika kijijini kwao, upande wa Chamwino, ardhi ikiwa ngumu kiasi kwamba vijana walilazimika kuimwagia maji usiku kucha ndipo sururu ziingie. Jumapili iliyofuata Dorothea alikuwa Makole akikunja nguo za marehemu simu ilipolia.

"Shikamoo dada. Mbona leo umepokea wewe?"

"Marahaba. Mama amekwenda kanisani, kuna semina ya akina mama."

Uongo ule ulitoka wenyewe, na ukawa mwepesi kuliko alivyotegemea. Jumapili ya pili alisema mama amekwenda Busi, Kondoa, kumtazama shangazi mgonjwa. Lakini hakuweza kwenda Makole kila wiki. Nyumba nayo ilihitaji mtu. Waliipangisha kwa Ambokile, mtumishi wa Bunge aliyehamia kutoka Mbeya na mkewe Ritha. Dorothea akaenda ofisi ya simu kuuliza kama namba ile inaweza kumfuata Hombolo.

Aliyemhudumia alikuwa kijana mpole aliyeitwa Hasani.

"Inawezekana, mama. Tunaiita kuhamisha simu. Anayepiga namba ya mezani, simu italia kwenye simu yako ya mkononi. Yeye hatajua lolote."

"Na gharama?"

"Anayekupigia analipa mpaka inapofika hapa Dodoma. Kutoka hapa kwenda kwenye simu yako ya mkononi, unayelipa ni wewe. Kila dakika." Hasani akamtazama. "Wengine hawalielewi hilo mpaka bili ije. Kama anayepiga anaongea sana, bora umpe namba yako ya mkononi moja kwa moja."

"Hapana," Dorothea alisema. "Anataka namba hii."

Hombolo mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Nyumbani kwake haukufika. Ulipatikana ukipanda juu ya tuta la bwawa na kusimama upande wa kaskazini, ukiipa mgongo milima. Huko ndiko Dorothea alikokwenda kila Jumapili jioni, khanga imefungwa kichwani kwa sababu ya upepo, kungoja simu ya mtu aliyeamini anaongea na sebule ya Makole.

"Hao ni vyura, dada?" Sila aliuliza mara moja.

"Mvua imenyesha sana. Maji yametuama nyuma ya nyumba."

"Dodoma mvua imenyesha sana?" Akacheka. "Basi Mungu amewakumbuka."

Visingizio vilikuwa vinaisha. Kanisa, Busi, msiba wa jirani, usingizi. Mtu hawezi kukosa simu ya mwanawe kila Jumapili. Sauti ya Sila ilianza kubadilika, akawa anauliza polepole, kama mtu anayekanyaga penye giza. Ndipo Dorothea aliposema kwamba mama amepata kiharusi. Upande mmoja umelala, na kusema hawezi. Alimwambia pia asihangaike kutuma hela za dawa, kwa kuwa mama ni mstaafu wa hospitali na anatibiwa bure. Hakutaka kula hata senti moja katika jambo lile.

Dorothea alidhani simu imekatika.

"Lakini anasikia?" Sila aliuliza.

"Anasikia."

"Basi mwekee simu sikioni. Mimi nitaongea. Asijibu, asikilize tu."

Dorothea alisimama juu ya tuta na kuangalia maji. Ng'ombe walikuwa wanashuka kunywa upande wa pili, na wachungaji wakipigiana miluzi. Akaondoa simu sikioni akainyoosha mbele yake, mbali kidogo, kama anayempa mtu kitu. Aliisikia sauti ya mdogo wake ikitoka ndani yake, nyembamba, bila maneno kueleweka. Alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka.

Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Sila alisalimiana na dada yake maneno mawili matatu, kisha akasema, "Niwekee mama." Alikuwa na mengi. Kwake simu ilikuwa karibu na bure, na hakuwa na haraka. Alitoka kazini, akavua viatu, akalala kitandani na vifaa vyake masikioni akamsimulia mama yake wiki nzima. Hombolo kila dakika ilikuwa inahesabiwa. Bili ya kwanza Dorothea aliilipa kwa mshahara wake. Ya pili ikameza kodi aliyolipa Ambokile.

Petro hakuwa mtu wa kelele. Alisubiri mpaka Aneth atoke nje.

"Mama Aneth, nyumba ya marehemu inaliwa na simu."

"Niliahidi."

"Uliahidi kutomwambia. Hukuahidi kumfanya marehemu asikilize."

Dorothea aliichukua bili akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Kwa muda alijizuia kusikiliza. Lakini upepo wa Hombolo una siku zake za kutulia, na Jumapili moja ulitulia kabisa. Akajikuta simu iko sikioni, na anasikiliza.

"...sikumaliza chuo, mama," Sila alikuwa anasema. "Niliacha mwaka wa pili, ada ilinishinda. Miaka yote hii nikikwambia nasoma nilikuwa nakudanganya. Naosha wazee. Nawabadilisha nguo, nawalisha. Wengine wananiita majina mabaya, wengine wanadhani mimi ni mtoto wao. Yuko bibi mmoja anayelala akiwa ameshika kidole changu, na mimi nakaa mpaka aniachie, kwa sababu nawaza labda na wewe kuna mtu anakaa nawe hivyo. Mama, usinikasirikie. Kama umenisikia, gonga simu kwa kidole. Mara moja tu. Nijue umenisikia."

Dorothea aliikaza simu sikioni.

"Mama?"

Maji ya bwawa yalikuwa yametulia. Sauti ile ilisubiri, na aliyekuwa akisubiri alikuwa mdogo wake aliyembeba mgongoni akienda naye kisimani, na ambaye hata utotoni hakuweza kulala akiwa hajasamehewa. Dorothea aliinua kidole cha shahada akagonga simu kwa ukucha.

Akasikia Sila analia. Alilia muda mrefu, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na katikati ya kilio akasema asante, mama, asante. Jioni ile Dorothea alirudi nyumbani akapika ugali, hakuula.

Baada ya siku hiyo Sila aliomba kugongewa kidole kila wiki. Aliuliza kama mama ana maumivu: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Aliuliza kama anakula. Aliuliza kama mama angefurahi yeye amwoe msichana wa Kihaya aliyekutana naye kanisani. Dorothea aligonga. Aligonga kwa niaba ya mtu aliye ardhini, akichagua ndiyo na hapana kwa kufikiri mama angesemaje, na mara nyingine bila kufikiri, kwa sababu tu giza lilikuwa linaingia na alitaka kushuka. Kwa msichana yule aligonga ndiyo. Baadaye Sila alisema wameachana, na Dorothea hakujua afurahi au asikitike.

Januari iliyofuata Aneth alifaulu kwenda sekondari ya bweni. Ilibidi anunuliwe godoro, sanduku, sare, na ada ilipwe. Petro aliweka mambo wazi bila kupandisha sauti: kodi ya Makole muhula huu iende kwa mtoto. Dorothea alikubali. Alijiambia kuwa kampuni ya simu itavumilia kidogo. Haikuvumilia. Jumapili alipanda tutani, akangoja mpaka ng'ombe wakaondoka, na simu haikulia. Jumapili ya pili hivyohivyo. Alijua wamekata.

Alilopaswa kulisikia ni hofu, na ilikuja, lakini ilikuja nyuma ya kitu kingine. Jumapili ya tatu hakupanda. Alikaa uani akichambua mboga, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima mabega yake yalishuka. Alijionea haya kwa nafuu ile, lakini hakwenda kulipa.

"Sasa mpigie wewe," Petro alimwambia. "Umweleze. Pale mjini kuna duka la intaneti, wanapiga mpaka Marekani kwa bei ndogo. Mama yako alitaka asije. Hakusema asijue milele."

Walizungushana kwa siku kadhaa. Mwishowe alikwenda. Lilikuwa duka jembamba karibu na stendi, kompyuta zimepangwa ukutani, wanafunzi wa vyuo wameziinamia. Msichana wa duka alimvalisha vifaa vya masikioni juu ya kilemba, akampigia namba ya Sila aliyoitoa katika daftari la mama. Ililia kwa mbali. Alipopokelewa, Dorothea alisikia kwanza sauti yake mwenyewe ikimrudia, imechelewa kidogo, kama kuna mwanamke mwingine nyuma yake anayemwigiza.

"Haloo, Sila?" *Haloo, Sila?*

"Siyo Sila," sauti ya kiume ilijibu kwa Kiswahili. "Mimi ni Optatus, nakaa naye. Nani mwenzangu?"

"Dada yake. Dorothea. Napiga kutoka Dodoma."

"Ah, dada, shikamoo. Bado hajafika? Kaondoka juzi."

"Kaondoka kwenda wapi?"

Optatus alishusha sauti.

"Nyumbani, dada. Simu ya mama haipatikani mwezi mzima. Alisema mama hawezi kukaa hivyo, lazima kuna jambo. Tulimshika sana. Wakili alikuwa amemwambia faili lake limekaribia, avumilie kidogo. Hakusikia. Kauza gari, kauza kila kitu." Kisha akauliza, kwa adabu, "Mama anaendeleaje?"

Dorothea alivua vile vifaa akaviweka mezani taratibu. Msichana wa duka alimuuliza kama aendelee na dakika zilizobaki. Akatikisa kichwa.

Hakurudi Hombolo. Alikwenda kwa miguu mpaka Makole akamweleza Ritha, mke wa Ambokile, mambo yote tangu mwanzo. Ritha alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Dorothea alipomaliza, Ritha alimtolea kiti akakiweka kibarazani, akamwambia, "Kaa hapa. Asije akakutana na mimi kwanza."

Dorothea alilala hapo, na kesho yake alasiri teksi ilisimama mbele ya nyumba. Sila alishuka akiwa na begi moja. Alikuwa amenenepa uso na kukonda macho. Alimwona dada yake akatabasamu, akamkumbatia kwa mkono mmoja huku tayari anatazama mlangoni.

"Mko chumba gani? Kile cha mbele au cha uani?"

"Sila, kaa kwanza."

"Nitakaa. Nimwone kwanza."

Aliingia. Dorothea alimsikia akipita sebuleni, akafungua mlango wa kwanza, akafungua wa pili. Alisikia Ritha akisema, "Karibu, kaka," kisha milango ikifungwa mmoja mmoja. Sila alipotoka, hakuwa na haraka tena. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, chini, wala si kitini.

"Lini?" aliuliza.

"Kabla ya Krismasi."

"Hii iliyopita?"

"Siyo hiyo. Ile ya nyuma yake."

Sila alipeleka hesabu nyuma kichwani, na Dorothea aliona usoni mwake jinsi kila Jumapili ilivyokuwa inaanguka.

"Kiharusi?"

"Hakupata kiharusi. Ilikuwa presha. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe, Sila. Alitaka upate makaratasi yako. Niliahidi hospitalini, mbele yake."

"Na kidole kilikuwa cha nani?"

"Changu."

Sila aliinamisha kichwa. Vumbi la Makole lilipita barabarani, na mtoto wa jirani akaita mbuzi. Dorothea alitaka kumwambia habari ya tuta la bwawa, na bili, na mkono uliokuwa unachoka, lakini kila alipofungua mdomo aliona hayo yote ni madai, na hakuwa na la kudai.

"Mama kufa, naelewa," Sila alisema mwishowe. "Kunificha, naelewa pia. Ilikuwa amri yake. Lakini mimi nilikuwa nasema na mama yangu, dada. Yale sikuyasema kwako. Wewe sikukwambia."

"Nilitaka upate amani."

"Niliipata." Akasimama, akajipangusa suruali. "Nipeleke kaburini."

Walikwenda siku iliyofuata. Sila aliliangalia kaburi na msalaba wake wa saruji, akang'oa magugu mawili matatu. Ndugu wa kijijini walikusanyika wakiwa na maswali ya Marekani. Aliwajibu wote kwa upole. Bibi mmoja alimwambia kuwa marehemu ndiye aliyempokea mjukuu wake alipozaliwa, na Sila akamshukuru, akasema hakulijua hilo.

Njia ya kurudi Houston ilifungwa kama mama alivyosema. Alikwenda ubalozini Dar es Salaam akarudi na karatasi moja ya kukataliwa, ambayo hakumwonyesha mtu. Ndani ya mwaka huo alipata kazi katika zahanati ya misheni karibu na Busi. Kazi za chini ndizo walizompa mwanzoni, kusafisha na kusaidia wagonjwa wasiojiweza, na inasemekana alizifanya vizuri kuliko waliosomea. Akaoa hukohuko Kondoa. Dorothea alialikwa harusini akakaa meza ya mbele, mahali pa dada mkubwa.

Dorothea humtembelea mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Sila husimama mlangoni akamwamkia, humpokea mfuko, humtolea kiti kizuri. Mkewe huchinja kuku. Huongea habari za mvua, za Aneth ambaye sasa ni mwalimu, za bei ya mtama. Wakati wa kulala Sila humwachia chumba chake na yeye kulala sebuleni, na asubuhi humsindikiza mpaka kwenye basi na kungoja mpaka liondoke. Hakuna mtu anayeweza kusema amemkosea dada yake adabu hata kidogo.

Safari moja Dorothea alichungulia dirishani basi lilipokuwa linageuka, akamwinulia mkono. Sila naye aliinua wake, kama mtu anavyomuaga mgeni, akageuka akaenda zake kazini.